Tela Lenye Majani

Sehemu ya Tisa

Tela halikuwepo.

Gulnaz alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akarudia cha kulia. Mvua, mbuzi wawili, na lami tupu ikirudi Tinde. Pampu aliyoivuta kutoka Kisumu huko Kenya, pampu iliyokuwa ikisubiriwa na watu wawili chini ya ardhi, haikuwa tena nyuma yake.

Najua mmeshinda vijiweni wiki nzima mkibishana kama tela limeua mtu. Halikuua. Mabaya ya siku ile yalikuwa bado yako mbele, na ningekuwa na uwezo ningemsimamisha huyu dada palepale nimgeuze arudi Shinyanga. Lakini kazi yangu mimi ni kusimulia tu.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo ni haya. Zakir, mdogo wake Gulnaz, ana duka la vipuri pale Kambarage, Shinyanga mjini, na ana hisa katika duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, karibu na Kharumwa. Juzi alishuka mwenyewe shimoni kuangalia mwamba, pamoja na Mwigulu, fundi wake wa kupanga magogo ya kuzuia udongo, na mchimbaji mmoja aitwaye Donatus. Udongo ukaporomoka. Donatus alitolewa akiwa hai, mbavu zimevunjika, akakimbizwa hospitali Kahama. Wenzake wawili wamebaki chini, na maji ya mvua yanapanda. Walioko juu wanayateka kwa ndoo usiku na mchana, maana pampu zao ndogo zimeshindwa.

Na watajuaje kama wenzao wako hai? Kwa hodi. Kwenye duara lile kila anayeshuka ana hodi yake, anaigonga kwenye bomba la hewa ili walioko juu wajue ni nani anayeita. Mwigulu hugonga mara mbili. Zakir hugonga mara tatu, ila ya tatu huichelewesha. Ni utundu wa utotoni. Radi ilipopiga Kisumu, alikuwa akija kugonga mlango wa dada yake: mbili za haraka, kimya, kisha ya tatu wakati dada ameshaanza kucheka. Mama yao alipofariki, ni Gulnaz aliyemlea, na mpaka leo mlango wowote ukigongwa mara mbili yeye husubiri kidogo kabla ya kufungua.

Habari ilifika Kambarage alfajiri, kwenye simu ya Euphrasia, Mama Wema, mke wa Mwigulu, ambaye amepanga chumba nyuma ya duka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha simu ikazima, chaji imekwisha, na umeme haukuwepo; ya Gulnaz ilikuwa na laini ya Kenya tu, isiyoshika huku. Gulnaz alikuwa amefika usiku uliopita na pampu ambayo Zakir mwenyewe aliiagiza. Hakusubiri dereva. Alimpandisha Mama Wema kwenye Land Cruiser lake la zamani, wakaondoka na tela.

Haya, turudi barabarani.

Gulnaz aligeuza gari. Walilikuta tela limeteremka ubavuni mwa barabara na kuingia kwenye jaruba la mpunga, limekaa wima katikati ya maji, turubai lake halijafunguka hata kamba moja. Pini iliyolishika kwenye gari ilikuwa imekatika. Wakulima wa jirani walishaweka matawi ya miti barabarani ili malori yasije yakawaparamia.

"Mwadila, mayu," mama mmoja aitwaye Mbuke alimsalimia Gulnaz kwa Kisukuma, jembe begani. "Hili ni lako?"

"Ni langu, mama. Nisaidieni, tafadhali. Watu wanakufa."

Hakuna aliyeuliza watu gani. Wanaume waliingia jarubani na nguo zao, wakasukuma, wakateleza, wakacheka, wakasukuma tena. Mmoja alikimbia nyumbani akaleta kipande cha nondo, akakipitisha mahali pa pini na kukikunja kwa nyundo.

"Itafika?" Gulnaz aliuliza.

"Ukienda polepole itafika. Ukikimbia itakuacha tena."

Walirudi kwenye mpunga wao. Gulnaz akabaki peke yake kwenye mvua, anazunguka tela. Taa za nyuma zilikuwa zimesagika, na ya mbele ya gari, upande wa dereva, haikuwa ikiwaka tangu wavuke mpaka. Mvua ilikuwa nzito. Lori lolote lingeweza kuwapanda bila kuwaona.

Ndipo alipoyatazama yale matawi barabarani. Kwao Kisumu majani barabarani yana maana moja: tahadhari, kuna gari bovu. Akayaokota. Akafunga mengine nyuma ya tela, akafunga mengine mbele, kwenye bampa, yakasimama mazuri ya kijani kibichi. Aliridhika nayo, maskini.

Euphrasia alikuwa ndani, kanga usoni, anasali. Alipoinua kichwa gari lilishaanza kwenda na majani yanacheza mbele ya kioo. Alifungua mdomo, akaufumba.

*

Kuanzia hapo barabara ikageuka.

Asubuhi malori ya Isaka yalikuwa yakimpigia honi Gulnaz kama yanafukuza ng'ombe. Sasa yalikuwa yanapunguza mwendo yenyewe, yanamwachia njia. Basi moja lilisimama kabisa, abiria wakawatazama kimya madirishani. Mzee mmoja kwenye baiskeli alishuka, akavua kofia yake, akasimama kwenye mvua mpaka walipompita.

"Watu wa huku wana heshima," Gulnaz alisema. "Kwetu tungekuwa tumeshatukanwa hadi basi."

Euphrasia aliyatazama majani. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

Karibu na Kahama kulikuwa na kizuizi. Askari wa barabarani alinyoosha mkono, na Gulnaz akaanza kuhesabu makosa yake. Gari la kigeni, tela lisilo na taa, nondo badala ya pini. Wangekaa pale mpaka jioni.

Askari alisogea, akaona majani. Akamwona Euphrasia. Akatazama lile turubai refu lililofungwa vizuri nyuma. Mkono ukaenda kwenye kofia.

"Poleni sana, mama zangu. Mnampeleka wapi?"

"Kharumwa," Gulnaz alisema.

"Mbele kule barabara inatengenezwa, mfuate michepuko. Mungu amlaze pema."

Akawafungulia njia. Gulnaz aliendesha kidogo, kisha akasogea pembeni na kusimama.

"Mama Wema. Alazwe pema nani?"

Euphrasia alivuta kanga hadi puani. "Dada, ni hayo majani."

"Majani yana nini?"

"Huku kwetu gari likifungwa majani mbele, limebeba maiti. Nilidhani unajua. Nilipoona hujui, nikakosa pa kuanzia."

Gulnaz aliyatazama majani kupitia kioo, mikono kwenye usukani. "Kwetu gari la maiti hufungwa kitambaa chekundu," alisema. "Majani ni ya gari bovu."

Alishuka akakimbilia mbele, akashika tawi la kwanza kulikwanyua. Wakati huohuo lori kubwa la mizigo ya Rwanda likaja kwa nyuma, likapunguza, likasimama, na dereva akamwashia taa: tangulia, mama. Gulnaz alibaki ameshika tawi mkononi.

Alirudi dirishani kwa Euphrasia.

"Tukiyatoa tutafika saa ngapi?"

"Usiku. Kama hawatatukamata."

"Na tukiyaacha?"

"Dada, mume wangu yuko hai. Kumfungia majani mtu aliye hai si vizuri."

"Na ndugu yangu yuko hai. Ndiyo maana nakuuliza."

Mvua ilikuwa ikigonga paa la gari. Euphrasia aliisikiliza, akawa anawaza inakoishia mvua ile, shimoni, kwenye magoti ya Mwigulu, au kiunoni, au kifuani.

"Yaache," alisema.

"Mwenyezi Mungu atatusamehe," Gulnaz alisema.

"Basi tusimame mjini niazime simu, niwaambie wa duarani ni pampu, wasije wakashtuka."

"Tukisimama tunawapa maji muda. Tutawaambia tukifika."

Jamani, ingekuwa dakika mbili tu! Kahama nzima ina vibanda vya simu, kila kona kuna mtu na simu yake. Walipita katikati ya mji bila kusimama, watu wakiwapisha pande zote mbili, na wao wawili hawakugeuza shingo.

*

Kutoka Kahama kwenda Bulyanhulu barabara ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya lami, na michepuko ilikuwa tope tupu. Gulnaz hakujua hata mmoja. Kila palipogawanyika alimtazama Euphrasia, na Euphrasia, ambaye siku zote hupita pale kwa basi akiwa amesinzia, alinyoosha kidole kwa kubahatisha. Walipotea mara moja wakaishia kwenye kichuguu. Kurudisha tela nyuma kwenye tope ni kazi ya kumliza mwanamume, na Gulnaz aliifanya akilia.

"Huyu mtoto nilimkataza kushuka," alisema, huku akipindua usukani kinyume. "Nilimwambia, wewe uza vipuri vyako, acha wenye mashimo washuke. Akaniambia, dada, siwezi kumtuma mtu mahali ambapo mimi mwenyewe naogopa."

"Mwigulu anampenda kwa hilo," Euphrasia alisema. "Alisema ni Mhindi wa kwanza kumwona ana tope masikioni."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kidogo. Ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile, mkiweke.

Walipopita Bulyanhulu, na mgodi mkubwa umebaki nyuma, pikipiki ilitokea kwa nyuma ikiruka madimbwi. Dereva alikuwa amefunga dumu la dizeli kwenye kiti. Alipofika usawa wa dirisha alipunguza, akachungulia ndani kwa adabu, kama mtu anayetaka kutoa pole.

Akamwona Euphrasia.

"Mama Wema!"

Akayatazama majani. Akalitazama turubai. Mkono mmoja ukaenda kichwani.

"Jamani, Donatus!"

Na kabla Euphrasia hajapata neno, pikipiki iliunguruma, ikakata tope, ikapotea mbele.

"Nani huyo?" Gulnaz aliuliza.

"Ni wa duarani kwetu. Anapeleka dizeli." Euphrasia alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. "Dada, anadhani tumembeba Donatus. Anadhani Donatus amefia hospitali."

"Atajua ukweli tukifika."

"Hapana. Hapana, dada, hujui. Mtu wa duara akifa, duara linafungwa mpaka azikwe. Wanasema limeshaonja damu. Hakuna mchimbaji atakayekubali kushuka wala kushika ndoo. Mkimbize!"

Gulnaz aliminya honi akaishikilia. Mbele kule mwenye pikipiki aliisikia. Na kwa kuwa honi ndefu ya gari lenye majani anaijua, aliongeza mwendo ili akawaambie wenzake wajiandae kumpokea marehemu.

Gulnaz alikanyaga mafuta. Tela likayumba, nondo ikalia mlio mbaya wa chuma juu ya chuma. *Ukikimbia itakuacha tena.* Akapunguza. Akakanyaga tena. Nondo ikalia tena. Akapunguza, akipiga usukani kwa kiganja.

Walisimama wakashuka wote wawili, wakayang'oa majani kwa kucha, mbele na nyuma, wakayatupa kwenye tope. Sasa walikuwa gari la kawaida. Lori lililofuata liliwapigia honi na kuwamwagia maji machafu hadi kifuani.

*

Walifika jioni, mvua imekatika.

Gulnaz hakuwahi kufika pale, lakini hata yeye alijua kwamba mahali watu wanapookolewa huwa na kelele. Pale palikuwa kimya. Wachimbaji walikuwa wamekaa chini kwenye vifusi, kofia magotini, na ndoo zimepangwa pembeni, tupu. Mdomoni mwa shimo walikuwepo watu watatu tu wakivuta kamba. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye tope mpaka kwenye kope, aliiacha kamba akaja. Ni Nasibu, msimamizi wa duara.

"Pole, Mama Wema. Pole, dada yangu. Tumempokea Donatus kwa uchungu."

"Donatus hajafa!" Euphrasia alipiga kelele. "Hakuna maiti hapa! Ni pampu, Nasibu, ni pampu!"

Nasibu alilitazama gari mbele. Hapakuwa na jani hata moja, ila vipande vya kamba vilikuwa bado vinaning'inia kwenye bampa.

"Si mlikuwa na majani?"

Gulnaz alizitazama zile ndoo tupu.

"Kaka," alisema, "mmeacha kuteka maji tangu lini?"

"Tangu pikipiki ilipofika. Niliwasihi, dada. Niliwapigia magoti hawa wanaume. Nimebaki na wawili, na ndoo tatu ni nini kwenye maji yale?"

"Wakati wanaacha, hodi zilikuwa zinasikika?"

Nasibu aligeuza uso.

"Kaka, nakuuliza. Zilikuwa zinasikika?"

"Zote mbili," Nasibu alisema. "Ya Mwigulu na ya Zakir."

Euphrasia alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Wale wanaume kwenye vifusi waliisikia, na neno lilipopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwamba Donatus yu hai, walisimama mmoja mmoja. Wengine walilia palepale, watu wazima wenye ndevu. Kisha wakaja mbio.

Sijawahi kusikia pampu iliyofungwa haraka namna ile. Turubai lilichanwa, mashine ikabebwa mikononi kama mgonjwa, mabomba yakaunganishwa huku watu wakigombana. Nasibu alivuta kamba ya kuwashia, injini ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Gulnaz akamsukuma pembeni, akafungua mafuta kidogo kwa kidole kama marehemu baba yao alivyomfundisha dukani, akavuta yeye.

Ikawaka.

Maji yakaanza kutoka, mekundu, mazito, yakiteremka bondeni. Yalitoka mpaka giza likaanza kuingia. Euphrasia na Gulnaz walikuwa wamekaa ukingoni, kila mmoja mkono mmoja kwenye bomba la hewa, kwa kuwa kwa kelele ile ya injini hodi ungeisikia kwa kiganja tu, si kwa sikio. Bomba lilikuwa baridi na halikusema kitu.

"Ni mimi niliyeyafunga," Gulnaz alisema.

"Ni mimi niliyesema uyaache."

"Wewe ulitaka kupiga simu."

"Basi, dada. Basi."

Nasibu alishusha kamba yenye jiwe, akaipandisha, akatazama alama ya maji. "Yameshuka chini ya chumba walichomo," alisema kwa sauti. "Zimeni mashine! Tusikilize!"

Injini ikazimwa. Wachimbaji wote wakanyamaza, hata anayekohoa akaziba mdomo kwa shati. Nasibu aliokota jiwe akagonga bomba, mara moja, kwa nguvu, akaliacha jiwe lianguke.

Kimya.

Akagonga tena.

Kimya. Matone ya maji kutoka kwenye magogo, na mbwa wa mbali Kharumwa.

Kisha kutoka chini, hafifu sana, kama mtu anayeazima nguvu:

Ko. Ko.

Euphrasia alipiga magoti. "Mwigulu!" alipaza sauti. "Baba Wema! Ni yeye, ni mume wangu, ni yeye!" Watu wakaanza kushangilia, na mikono ikamshika mabegani.

Lakini Gulnaz hakusogea. Alinyoosha mkono wake wenye tope, akauweka taratibu juu ya mdomo wa Euphrasia.

"Nyamaza, mama," alisema. "Nakuomba. Zakir ya tatu huichelewesha."

Euphrasia akaelewa. Wote wakaelewa, na kelele ikafa. Wanawake wawili wameshika bomba moja, waliokula mkate mmoja asubuhi na kulia pamoja mchana kutwa, na sasa mmoja anamwomba Mungu hodi ya tatu ije, na mwingine anamwomba isije.

Gulnaz alilaza sikio kwenye bomba, akafumba macho, akangoja.